"Niko Salama" Mara Arobaini na Moja

Mzee Osée Ngendakumana amestaafu Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, baada ya kuitumikia Biro ya Mvua na Mito ya Uvira kwa miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku kumi na mbili. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Idara ya wafanyakazi ilikuwa imeandika miezi miwili, naye akaomba ruhusa, akaenda nyumbani, akarudi na daftari. Idara ikasoma daftari na kuomba radhi.

Nimefanya naye kazi miaka kumi na sita nikiwa katibu wa biro. Mkuu wetu, Bwana Anastase, ameniomba mimi Eliane niandike wasifu huu katika jarida letu kwa sababu, alisema, hakuna mtu aliyepokea ujumbe mwingi kutoka kwa Mzee Osée kunishinda. Ni kweli. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya ujumbe huo ilikuwa maneno yale yale mawili. Nitafika huko.

Mzee Osée alizaliwa Kiliba, katika bonde la Ruzizi, kwa wazazi waliolima mpunga na mihogo. Tarehe 16 Machi 1990 aliajiriwa hapa kuwa mlinzi wa lango. Alilinda lango siku tatu. Siku ya nne, msomaji wa vipima mvua wa wakati ule aliingia uani akichechemea, akatangaza kwamba goti lake limekataa mlima. Mkuu alitoka nje kutafuta mtu mwenye magoti mazuri, akamkuta Osée amechuchumaa peke yake akila karanga, wala hakuonyesha dalili ya kuchoka. Akapandishwa cheo hapo hapo. Lango halina mlinzi mpaka leo.

Kwa wasomaji wa idara nyingine, inafaa nieleze kazi yenyewe. Biro yetu ina vipima mvua saba, yaani makopo ya chuma yaliyosimikwa juu ya milima, kuanzia mgongo ulio juu ya chanzo cha mto Mulongwe hadi malisho ya Bijombo. Mtu anapanda kwa miguu, peke yake, anasoma maji yaliyomo katika kila kopo, anaandika, anamwaga, anaendelea. Mzunguko mmoja unachukua siku nane. Huko juu hakuna mtandao wa simu. Na mvua ikipiga kule, mto hauna subira: watu wa kata ya Mulongwe, wenye vibanda vyao vya mboga, mawese na ndagala, yaani dagaa wa ziwani, kando ya maji, wanaweza kuwa na jua kichwani huku mto ukiwa njiani kuwafuata. Kwa hiyo mambo mawili ni ya lazima katika kazi hii. Mtu aone, halafu aliyoyaona yafike chini kabla ya maji.

La kwanza Mzee Osée alilifanya vizuri kuliko mtu yeyote. La pili lilitusumbua sote kwa miongo mitatu.

Mwanzoni kulikuwa na foni, ile redio kubwa ya kuzungushia mkono, iliyobebwa na watu wawili na kusikika siku za Jumapili tu. Ilipokufa, Mzee alizoea kuwapa habari wafugaji waliokuwa wakishuka sokoni. Aliandika milimita kwenye karatasi, akaikunja chini ya kifuniko cha chombo cha maziwa. Njia hii ilifanya kazi vizuri isipokuwa pale maziwa yalipomwagika. Katika kumbukumbu zetu kuna mwezi mzima wa mwaka 1998 ambao mvua yake haisomeki, lakini karatasi bado zinanukia samli.

Mambo yalibadilika Machi 2021. Udongo ulikatika nyuma yake huko juu, njia zikafungwa, na Mzee akapitisha siku tisa zaidi ya ratiba. Siku ya tisa tulikusanyika katika chumba cha mikutano. Bwana Anastase alisema maneno mazuri, kisha akaomba tusimame dakika moja kwa ukimya. Tulikuwa tumeinamisha vichwa wakati mlango ulipofunguliwa taratibu. Mzee Osée aliingia akiwa na matope mpaka kiunoni, akaona watu wamesimama, akavua kofia, akasimama karibu na kabati na kuinamisha kichwa pamoja nasi. Dakika ilipokwisha alimwinamia mhasibu na kumuuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

Wiki ile ile iliundwa Komite ya Kuchagua Chombo cha Mawasiliano ya Setilaiti kwa Msafiri wa Peke Yake. Ilikuwa na wajumbe watano. Mwenyekiti wake alikuwa Mwalimu Antoine, mkuu wetu wa nyaraka, ambaye kabla ya kuja kwetu alifundisha Kiswahili na Kifaransa sekondari, na ambaye mpaka leo hurudisha barua za watu zikiwa zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Komite iliandika vigezo kumi na vinane: uzito, betri, kinga ya mvua, kama chombo kinatuma tu au kinapokea pia, kama kinataka malipo ya kila mwezi, na nani anaitika mtu akibonyeza kitufe cha hatari. Mzee Osée, ambaye ndiye angekibeba, aliulizwa mwishoni. Alisema yeye anataka kitufe ambacho mtu anaweza kukibonyeza kwa kidole chenye baridi, bila miwani. Kikaandikwa kuwa kigezo cha kumi na tisa, chini ya kigezo cha rangi.

Vilikuja vyombo vitatu vya majaribio. Waraka wa komite ulisema wazi kwamba vijaribiwe na msafiri wa peke yake. Swali likazuka: nani atathibitisha kwamba msafiri alikuwa peke yake? Kwa hiyo komite nzima ilipanda mlima pamoja na Mzee Osée. Walilala alipolala, walikula alichopika, na Mwalimu Antoine alibebwa mgongoni kuvuka vijito viwili. Waliporudi waliweka sahihi tano chini ya hati inayosema kwamba katika safari yote ile Mzee Osée hakuandamana na mtu yeyote. Hati hiyo ipo. Niliichapa mimi.

Chombo cha kwanza kilikuwa simu ya setilaiti, nzito kama tofali, yenye antena nene kama muhogo. Ilitaka anga wazi, na anga ilikuwapo tele. Mzee alisimama juu ya Bijombo, akapiga biro. Ikawa biro haina umeme tangu juzi na simu yetu imezimika. Pale mlimani Mzee angeweza kuzungumza na dunia nzima isipokuwa sisi. Namba nyingine pekee aliyoijua kwa kichwa ni ya shemeji yake Libérate, anayeuza vitenge Bujumbura. Libérate alipokea milimita arobaini na saba, akaziandika kiganjani, akapanda gari hadi mpakani, akavuka, akachukua pikipiki, akaingia biroini kwetu saa mbili na dakika arobaini baadaye, akanionyesha mkono. Aliuza pia vitenge vitatu. Komite iliandika kwamba simu inafanya kazi na biro ndiyo haifanyi kazi. Kwa kuwa haikuwa na mamlaka ya kuondoa biro, iliondoa simu.

Chombo cha pili kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni. Hakitaki malipo ya mwezi, betri yake inakaa miaka mitano, hakisemi maneno wala hakisikii. Mtu anavunja kifuniko na kubonyeza, nacho kinapiga mbiu angani kwamba hapa kuna binadamu anayekaribia kufa. Kinabonyezwa mara moja tu, na lazima shida iwe ya kweli. Tuliandikia ofisi kadhaa kuuliza mbiu hiyo ingesikiwa na nani. Ofisi moja ilijibu, ikitupongeza. Hata hivyo komite ilishikilia kwamba chombo kisichojaribiwa hakiwezi kuchaguliwa, ikamwandikia Mzee Osée barua rasmi kumwomba apate ajali ndogo katika robo ya mwisho ya mwaka. Alijibu kwa maandishi, kwa heshima zote, kwamba yuko tayari kuteguka kifundo cha mguu, wa kushoto, baada ya mavuno ya maharage. Nakala ya jibu hilo ilionwa nyumbani na mkewe, Mama Agathe. Asubuhi iliyofuata Mama Agathe alifika biroini na barua ya komite mkononi, akaomba kwa upole aonyeshwe mtu aliyeiandika. Kabla ya saa nne chombo cha pili kilikuwa kimeondolewa kwenye orodha.

Kilibaki cha tatu. Hiki kinatoshea kiganjani, kinatuma na kupokea maandishi mafupi, na kila baada ya dakika kumi kinaonyesha kwenye kompyuta ya biro nukta ndogo mahali alipo mtu. Tuliipenda sana ile nukta. Watu wa idara zote walikuja kuitazama. Ikisimama saa sita tulijua Mzee anakula.

Katika mzunguko wa majaribio, wiki ya pili, Mzee alikifunga chombo nje ya mfuko wake ili kione anga, akauweka mfuko chini, akaenda kusoma kopo. Ng'ombe mmoja wa mfugaji Manirakiza, rafiki yake wa Bijombo, alikuja kulamba chumvi ya jasho kwenye mkanda, akatafuna kile kifuniko cha kitufe cha hatari, akabonyeza kwa ulimi, kisha akaondoka na chombo kikining'inia pembeni. Sisi chini tuliona nukta ikitembea polepole katika malisho, ikisimama kwenye kila kijito, na tukaanza kuwa na wasiwasi kwamba Mzee anakunywa maji kupita kiasi.

Ng'ambo, katika kituo kinachopokea ishara za hatari, watu walifanya kazi yao kama inavyotakiwa. Walituma maswali, ng'ombe hakujibu. Wakapiga namba ya jamaa wa karibu, yaani ya Mama Agathe. Mwanamke mwenye Kifaransa cha upole alimweleza kwamba mumewe amepotea milimani. Mama Agathe alikuwa anachambua mchele.

"Mama, weye uko mbali," alimjibu. "Mimi namujua huyu muntu. Kama kuko kitu imepotea kule juu, iko mulima. Yeye hapoteake."

Akaendelea na mchele wake. Siku mbili baadaye Manirakiza alikipata chombo majanini, kimetafunwa mkanda lakini kinawaka. Komite ilikaa ikakichagua kwa kura zote, kwa sababu kilikuwa chombo pekee kilichorudi hai kutoka kwa ng'ombe.

Lilibaki jambo moja dogo. Chombo hicho kinaandika ujumbe wowote kikiunganishwa na simu ya mkononi. Lakini simu ikilowa au ikiisha chaji, chombo peke yake kina vitufe vitatu tu, kila kimoja na ujumbe uliotayarishwa chini, biroini. Komite ilitakiwa kuchagua maneno hayo. La kwanza lilipita bila mjadala: "Niko salama." La pili lilipita baada ya chai: "Nimechelewa lakini niko salama." La tatu Mzee Osée aliliomba mwenyewe. Alitaka liandikwe: "Maji inashuka."

Mwalimu Antoine alitoa kalamu nyekundu. Maji, alisema, yanashuka. Mzee alijibu kwamba huko juu ameyaona yakishuka miaka thelathini na hayajawahi kusubiri sarufi. Mwalimu alisema hati ya serikali haiwezi kuruka angani ikiwa na kosa. Mjumbe mmoja alimuunga mkono, wawili wakamuunga mkono Mzee, mmoja akawa amesinzia. Ikaamuliwa kwamba nafasi ya tatu iachwe wazi hadi suala lipate maoni ya mtaalamu. Barua kwa mtaalamu niliichapa. Mtaalamu hajajibu.

Sasa nafika Aprili ya mwaka jana.

Mvua ilikuwa imenyesha juu siku nne mfululizo. Mjini hatukuwa na tone, jua lilikuwa linawaka na akina mama wa Mulongwe walikuwa wametandika ndagala zao zikauke. Mzee Osée alikuwa kwenye kopo la kwanza, juu ya chanzo cha mto. Mambo aliyoyaona tuliyajua baadaye. Upande mzima wa mlima ulikuwa umeteleza usiku na kuziba mto katika sehemu nyembamba ya bonde, na nyuma ya matope yale maji yalikuwa yanajaa kama ndani ya sufuria. Mto wa chini ulikuwa umepungua mpaka watoto walikuwa wanauvuka bila kulowa magoti. Mzee alitoa simu aandike. Simu ilikuwa imelowa siku nne, ilikuwa imekufa. Akashika chombo peke yake. Akabonyeza kitufe cha tatu. Chombo kikamwambia hakuna ujumbe.

Kilikuwapo kitufe cha hatari. Alituambia kwamba alikifikiria. Lakini kitufe kile kinaita watu waje kumwokoa yeye, mlimani, na yeye hakuwa na shida yoyote. Wangemtafuta yeye saa nyingi huku watu wa chini wakiendelea kuanika ndagala. Akabaki na vitufe viwili. Nilimuuliza kwa nini hakutumia cha pili. Alisema hakuwa amechelewa.

Saa saba na robo mchana ujumbe wa kwanza uliingia biroini: "Niko salama." Niliandika katika daftari, kama kawaida. Dakika mbili baadaye ukaingia wa pili, maneno yale yale. Nikafikiri ni mtandao. Ulipoingia wa sita niliacha kuandika. Ulipoingia wa kumi na mbili niligundua kwamba nimesimama. Wa kumi na tisa ulinikuta mlangoni kwa Bwana Anastase.

Nimweleze vizuri mkuu wetu, maana hadithi hii husimuliwa mjini kwa namna isiyomtendea haki. Bwana Anastase si mtu wa mzaha na kazi. Kuhamisha kata nzima ni jambo la kuandikiwa ripoti, na ripoti inataka sababu. Alinisikiliza, akavaa miwani, akaniambia nimsomee tena.

"Niko salama," nikasoma.

"Sasa shida iko wapi, Eliane? Muntu iko salama."

"Chef, muntu iko salama anasemaka mara moja. Huyu amesema mara kumi na tisa." Kompyuta ikalia nyuma yangu. "Makumi mbili."

Bwana Anastase alivua miwani. Aliniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ataandika nini katika ripoti kama tukiwakimbiza watu na maji yasije. Nilimwambia aandike kwamba katibu wake amerukwa na akili, nami nitatia sahihi. Akatazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka kweli kweli. Halafu alisimama, akavaa koti lake, akalifunga mpaka kifungo cha juu, akashuka ngazi akikimbia. Sijapata kumwona akikimbia kabla ya hapo wala baadaye.

Kwenye maegesho ya pikipiki mbele ya soko aliwakusanya wanamotari wote aliowakuta, kama thelathini hivi, akawatuma Mulongwe wapige honi kutoka juu hadi ziwani. Mimi nilipanda nyuma ya mmoja wao, simu ya biro mkononi, ambayo nayo ilipokea ujumbe ule, ikilia kila dakika mbili. Watu walitoka nje kutuangalia. Hakuna aliyeondoka. Walituuliza nani amesema kuna maji, tukajibu Mzee Osée. Wakauliza amesema nini.

Hapo ndipo niliona aibu. Nilikuwa na jibu moja tu, na lilikuwa mkononi mwangu.

"Anasema iko salama," nilisema.

Palikuwa na mama mmoja, Candide, muuza ndagala, ambaye Mzee hununua kwake kila anapokwenda mlimani na kila anaporudi. Alikuwa ameinama kwenye turubai lake. Alininyooshea mkono apewe simu, akaangalia orodha ile ndefu ya maneno mawili, akairudisha.

"Huyu mzee hata salamu anatoaka nusu," aliwaambia wenzake. "Kama amesema iko salama mara zote hizi, sisi hatuko."

Akakunja turubai na ndagala zake zote ndani, akamshika mama mkwe wake mkono, akaanza kupanda. Hakuna aliyeuliza tena. Ndani ya nusu saa njia zote za kupanda zilikuwa zimejaa watu, mbuzi, masufuria, na cherehani moja iliyobebwa na wanaume wanne. Nilimwona Mwalimu Antoine, ambaye anakaa hatua ishirini kutoka mtoni, amembeba jirani yake mgonjwa mgongoni. Hakuwa amevaa viatu.

Ujumbe wa arobaini na moja uliingia saa nane na dakika thelathini na tano. Kisha simu ikanyamaza. Nilikuwa nimeulaani mlio ule mchana kutwa. Uliponyamaza nilitamani urudi. Huko juu matope yalikuwa yamepasuka, na Mzee Osée, kama alivyosema baadaye, hakuona tena sababu ya kubonyeza, kwa kuwa habari ilikuwa imeshaondoka yenyewe.

Maji yalifika saa tisa na robo. Sitayaeleza sana, waliokuwapo wanajua, na ambao hawakuwapo hawatapenda. Yalichukua nyumba sitini na tatu, daraja la miguu na ukuta mzima wa chumba alimokuwa Mwalimu Antoine akiweka vitabu vyake vya sarufi. Hayakuchukua mtu hata mmoja.

Mzee Osée aliteremka siku ya tatu, akiwa amemaliza makopo matano kati ya saba, na akaomba radhi kwa mawili aliyoyaacha. Bwana Anastase alimkumbatia uani mbele ya watu, kisha akamuuliza, maana ripoti ilikuwa bado inamsumbua, kama kwa maoni yake chombo kilifanya kazi. Mzee alifikiri. Alisema kilifanya kazi vizuri: kila kilichotumwa kilikuwa kweli. Maneno hayo ndiyo hitimisho la ripoti ya komite, ukurasa wa sitini na nne.

Komite ilikutana mara moja zaidi. Ajenda ilikuwa moja. Mwalimu Antoine aliomba apewe kompyuta, akakaa, akaandika kwa kidole kimoja katika nafasi ya tatu: "Maji inashuka." Akayatazama maneno yale muda mrefu. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mwa shati lake, sote tuliiona. Hakuitoa. Alibonyeza kuhifadhi, akaondoka kwenda kutafuta matofali.

Hayo ni ya chombo. Kuhusu mtu mwenyewe, yako mengi ambayo hayakuingia katika ripoti yoyote. Katika miaka thelathini na minne, ukiacha makopo yale mawili, alikosa kusoma mara mbili tu, mara ya kwanza siku ya harusi yake na mara ya pili siku aliyozaliwa binti yake Délice. Na hiyo ya harusi bado inamkera, kwa sababu mvua ilinyesha. Aliwafundisha wasomaji wapya wanne, wote wana magoti mazuri. Anajua majina ya ng'ombe wa Bijombo kuliko majina ya wakurugenzi. Siku kopo namba tano lilipojaa mpaka kumwagika, hakukisia. Aliandika katika daftari "imeshinda kopo," na mpaka sasa hicho ndicho kipimo rasmi cha siku ile.

Sherehe ya kumuaga ilifanyika hapa uani Ijumaa mchana. Watu wa Mulongwe walifika wakiongozwa na Mama Candide, wanane kati yao wakibeba godoro. Ni godoro kubwa, la watu wawili na nusu, lenye maua ya buluu. Mama Candide alisema kwa kifupi kwamba walikaa wakajiuliza mtu aliyelala juu ya mawe miaka yote hiyo anakosa nini, na hawakuchukua muda. Godoro halikupita mlangoni, kwa hiyo liliwekwa chini, mbele ya meza ya wageni. Mzee aliombwa alijaribu, kwa ajili ya picha. Alikaa. Akajinyoosha kidogo. Picha ilipopigwa alikuwa amelala usingizi.

Tulitazamana. Mama Agathe alimvua viatu, akavipanga pembeni, akasema asiamshwe. Programu ilikuwa ndefu, na ilibidi iendelee. Bwana Anastase alisoma hotuba ya kurasa sita kwa kunong'ona, ameinama. Kwaya ya wafanyakazi iliimba midomo ikiwa nusu wazi. Libérate, aliyevuka mpaka na kitenge maalumu, alimfunika nacho. Wanamotari waliokuwa wamesimama nje walizima injini, na pikipiki nyingine zilizofika baadaye nazo zikazimwa, mpaka barabara yetu yote ikawa kimya mchana kweupe. Watu karibu mia mbili walipiga makofi kwa vidole viwili.

Aliamka saa kumi na moja. Viti vilikuwa vimerudishwa na uani pamefagiwa. Mama Agathe alikuwa amemwekea sahani. Alikula, akatuuliza kama kumesemwa jambo lolote. Bwana Anastase alimjibu kwamba yote yataandikwa na Eliane katika jarida, asiwe na wasiwasi.

Basi haya ndiyo yaliyosemwa, Mzee wetu. Ilisemwa kwamba biro inakushukuru. Ilisemwa kwamba Mulongwe inakushukuru, na hilo lilisemwa na watu wengi kwa pamoja, polepole, wasikuamshe. Mama Agathe alishukuriwa kwa kukutoa kwa siku nane nane, mwaka baada ya mwaka. Mwisho ilisemwa, na wote tuliitikia kwa vichwa, kwamba tunakutakia wewe na nyumba yako siku nyingi za afya, maharage mazuri, wajukuu wasumbufu, na usingizi huo huo, asubuhi ukitaka, mchana ukitaka, mvua ikinyesha au isiponyesha. Ikinyesha, tutaipima sisi.